Kuirudisha Alasiri Yetu: Mazoea, Malengo na Jani Litokalo Meru na Embu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila siku iendayo kwa Mungu magari hushuka pwani kwa kasi ambayo hata magari ya wagonjwa hayana. Yamebeba magunia ya muguka kutoka Embu na mabunda ya miraa kutoka Meru. Safari ya kutoka Embu hadi Mombasa ni takriban kilomita 600, nayo hukimbizwa kwa sababu iliyo ndani ya jani lenyewe. Kemikali inayomchangamsha mlaji, ambayo wataalamu huiita kathinoni, huanza kupotea tangu jani linapochumwa, na baada ya siku mbili hivi nguvu yake huwa imekwisha pungua sana. Jani halingoji, na dereva naye hangoji. Anayengoja ni kijana wetu, aliyekaa maskani tangu adhuhuri akitazama barabara.

Mwezi Mei 2024 jani hili lilikuwa habari ya nchi nzima. Gavana wa Mombasa, Mheshimiwa Abdulswamad Nassir, alitoa amri ya kupiga marufuku kuingizwa na kuuzwa muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Viongozi wa Embu, akiwamo Gavana Cecily Mbarire, walipinga wakisema kwamba muguka ndio riziki ya watu wao. Rais William Ruto, baada ya kukutana na viongozi hao, alitamka kwamba marufuku hizo hazina nguvu kisheria, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na Kanuni za Miraa za 2023. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikazisimamisha kwa muda. Magari yakaendelea kushuka.

Makala haya hayataamua kesi hiyo. Sheria ina wenyewe, na watu wa pwani wana haki ya kuendelea kuidai kwa njia zilizo halali. Sisi twauliza swali ambalo haliwezi kungoja hukumu ya mahakama wala uchaguzi ujao: maadamu jani liko sokoni leo, mtu mwenye lengo lake maishani, awe anataka kumaliza masomo, kujenga, kuoa, kuhifadhi juzuu au kuwatunza wazazi, atajijengea vipi mazoea yatakayomfikisha?

Waliolipanda walilitilia mipaka

Tuanze kwa uadilifu. Ni rahisi mtu wa pwani kumtaja mkulima wa Meru au Embu kana kwamba ni adui. Si hivyo. Miraa hulimwa katika vilima vya Nyambene, nchi ya Waigembe na Watigania, kuzunguka Maua, Kangeta na Laare. Muguka ni zao la Mbeere, upande wa chini na mkavu wa Embu, kwenye miji kama Siakago na Kiritiri, ambako mvua ni chache na mahindi huwa bahati nasibu. Mmea huo huvumilia kiangazi, na majani yake huchumwa mara nyingi kwa mwaka. Kwa kuuza jani hilo, wazazi wa huko wamelipa karo, wamejenga nyumba na wamechimba visima. Miongoni mwao wako ndugu zetu Waislamu wanaoswali katika misikiti ya Maua, Meru na Embu.

Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui kuhusu Wameru na miraa yao. Katika mila zao za kale, miraa haikuwa ya kila mtu wala ya kila saa. Ilikuwa kitu cha wazee. Kijana hakuachwa kuitafuna apendavyo. Ilikuwa na shughuli zake: bunda maalumu, lililofungwa kwa majani ya mgomba, lilipelekwa kwa wazee wa mke kama sehemu ya posa, na wazee waliitafuna wakikaa kuamua mambo mazito ya jamii. Baraza lao kuu la wazee, Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, limesimama hadi leo kama alama ya nidhamu hiyo ya kale. Miti mikongwe ya miraa, iitwayo mbaine, huheshimiwa kama urithi wa ukoo.

Hatusemi kwamba mila hiyo ndiyo dini yetu. Twasema kwamba waliokuwa na jani hilo milangoni mwao waliliwekea ukuta wa umri, wa wakati na wa shughuli. Lilipoteremka hadi kwetu liliuacha ukuta huo huko mlimani. Likatufikia tupu, bei nafuu, asubuhi na jioni, kwa mwenye miaka 50 na kwa mwenye miaka 15. Na kitu kisicho na ukuta hakikawii kuwa mazoea, na mazoea, kama walivyosema wahenga, yana taabu.

Serikali ya kikoloni nayo ilijaribu kuuzuia ulaji wa miraa kwa sheria katika miaka ya 1940, na haikufua dafu. Uingereza iliipiga marufuku mwezi Juni 2014. Sheria ina kazi yake, tena kazi kubwa, hasa ya kuwalinda watoto. Lakini ukuta imara kuliko yote ni ule ambao mtu hujijengea ndani ya siku yake mwenyewe, kwa saa na kwa nia.

Malengo yanayofikiwa mkekani

Watu wengi hudhani kwamba mlaji wa muguka ni mtu asiye na malengo. Aliyewahi kuketi karibu na maskani wakati wa magharibi anajua kwamba ni kinyume chake. Hapana mahali penye malengo mengi kuliko pale. Jani likishapanda, huyu anafungua duka la simu, yule anakwenda Muscat na kurudi na magari mawili, wa tatu ameshajenga ghorofa na anagawa vyumba. Kila mmoja anaafiki, kila mmoja anaongeza. Wenyewe huiita hali hiyo handasi, neno linalofanana na lile la Kiarabu lenye maana ya uhandisi. Na kweli ni uhandisi, isipokuwa jengo halina kiwanja. Kukicha, mhandisi amelala hadi saa sita, kinywa kikavu, moyo mzito, na ghorofa haionekani.

Basi tatizo si ukosefu wa fikra njema juu ya kesho. Fikra hizo zimejaa tele. Mwanasaikolojia Mjerumani aitwaye Gabriele Oettingen ametumia miaka mingi kuchunguza jambo hili. Katika utafiti mmoja alifuatilia wanafunzi waliokuwa wanamaliza chuo kikuu. Wale waliokuwa na ndoto nyingi tamu za kupata kazi nzuri, miaka miwili baadaye walionekana kuwa wametuma maombi machache zaidi, wamepata kazi chache zaidi, na wanalipwa kidogo kuliko wenzao. Maelezo yake ni kwamba ndoto tamu huuburudisha moyo kana kwamba safari imekwisha, na mwili ukapunguza juhudi. Lakini mtu anapoliweka lengo mbele yake na papo hapo akakitazama kwa macho makavu kizuizi kilicho ndani ya nafsi yake, juhudi huongezeka, maadamu lengo linawezekana.

Sisi tuliolelewa na vyuo hatuoni ugeni katika maneno hayo. Walimu wetu walitutenganishia tangu utotoni mambo mawili: rajaa na tamaa tupu. Rajaa ni kutumaini huku ukilima. Tamaa tupu ni kutumaini mavuno ukiwa umelaza jembe. Moyo wenye matumaini ni neema, na Muislamu haruhusiwi kuikatia tamaa rehema ya Mola wake. Lakini matumaini yasiyo na kitendo cha leo hayana tofauti kubwa na handasi.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tuweke hesabu mezani, kwani mwenye lengo hana budi kuhesabu. Tuchukue mtu anayetumia shilingi 100 tu kwa siku, pamoja na karanga, bigijii na soda. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 3,000. Kwa mwaka ni shilingi 36,500. Anayetumia 200 atoe 73,000. Kila msomaji na alinganishe na karo ya mwanawe, au na cherehani ambayo mama watoto ameiomba miaka mitatu.

Hata hivyo fedha ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni saa. Kikao cha muguka huanza baada ya chakula cha mchana na hupita alasiri, magharibi, na aghalabu isha. Tuseme ni saa nne tu kwa siku. Kwa mwaka ni saa 1,460, yaani siku 60 nzima, mchana na usiku. Miezi miwili katika kila mwaka! Kijana aliyeanza akiwa na miaka 18, akifika 30 atakuwa amekaa mkekani miaka miwili kamili bila ya kuinuka. Katika miaka miwili hiyo mtu huhitimu ufundi wa umeme, au huhifadhi Qur'ani.

Na mwili nao una hesabu yake. Madaktari wanatueleza kwamba jani hili huongeza mapigo ya moyo na msukumo wa damu, huondoa hamu ya kula na huukimbiza usingizi. Likishuka, huacha uchovu, hasira za karibu na huzuni. Asiyelala hawezi kuamka alfajiri. Asiyeamka alfajiri huanza siku yake nusu. Na aliyeanza siku nusu huhitaji tena kitu cha kumchangamsha mchana. Ndiyo duara lenyewe hilo. Watu wa nyumbani wanaijua zaidi sehemu ya hasira, kwani wao ndio hubisha mlango wa mtu huyo asubuhi.

Wako watakaosema kwamba wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipoichunguza miraa mwaka 2006 hawakupendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kama dawa nyingine za kulevya. Ni kweli, na mwenye kusema kweli tumkubalie. Lakini kitu kutokuwa hatari kama heroini si hoja ya kukipa robo ya umri wako ulio macho. Kipimo cha mwenye malengo si kuuliza tu kama kitu kitamuua. Huuliza pia kitamchelewesha kiasi gani.

Kauli ya wanavyuoni

Twaulizwa mara kwa mara hukumu ya jambo hili katika fiqhi. Suala si geni. Yapata miaka 460 iliyopita, wanavyuoni wa Yemen walihitilafiana juu ya qati, ambalo ni jani hili hili, na suala likafikishwa Makka kwa Imam Ibn Hajar al-Haytami, mmoja wa nguzo za madhehebu ya Shafi tunayoyafuata hapa pwani, aliyefariki mwaka 974 wa Hijria. Aliandika risala nzima ya kutahadharisha. Hakukata kauli ya uharamu kwa kila hali, kwa kuwa habari alizoletewa juu ya athari zake zilipingana, lakini aliwausia watu wajiepushe nalo, kwa sababu mwenye dini yake huacha penye shaka akaenda pasipo shaka. Wako waliokuja baada yake walioharamisha waziwazi, na wako waliolegeza.

Twausia kama alivyousia yeye. Na twaongeza kwamba pale ambapo jani linamfanya mtu aache swala, awanyime chakula watoto wake, au aidhuru akili yake, hapo hapana tena nafasi ya mjadala wa wanavyuoni. Kuacha faradhi na kudhulumu watu wa nyumbani ni haramu kwa ijmai, iwe kwa muguka au kwa maji matamu.

Mazoea hujengwaje

Sasa tufike kwenye kazi. Mazoea yana sehemu tatu: kuna kinachoamsha, kuna kitendo, na kuna malipo. Kinachoamsha kikao cha muguka si njaa ya jani peke yake. Ni saa, yaani baada ya chakula cha mchana. Ni mahali, yaani lile baraza lenye kivuli. Ni watu, yaani wale wanne ambao hukosi kuwaona. Malipo nayo si kuchangamka tu. Ni kuzungumza, kucheka, na kusikilizwa. Mtu anayetaka kuacha jani bila ya kutazama saa, mahali na watu, amekata majani akaacha shina.

Kuna kijana mmoja alitujia baada ya swala ya ijumaa.

"Shikamoo shekhe. Mimi muguka si shida. Naweza kuacha siku yoyote nikitaka."

"Marahaba mwanangu. Basi tuichague siku hiyo sasa hivi, mimi na wewe."

Akanyamaza. Kisha akacheka, akasema, "Hapo shekhe umenibana."

Hatukumbana. "Siku yoyote" haimo katika kalenda, na kijana huyo alikuwa na nia njema isiyo na anwani. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti nyingi kwamba mtu anayepanga kwa sura ya "ikifika saa fulani, mahali fulani, nitafanya hili" hutimiza mara nyingi zaidi kuliko anayesema tu "nimeazimia". Na Waislamu tumetunukiwa jambo hili bila ya kulipia. Siku yetu ina vigingi vitano ambavyo havihami: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Muadhini ndiye saa yetu ya ukutani. Kila zoea jema tunalolitaka, na tulifunge kwenye kigingi kimojawapo. "Ikisaliwa adhuhuri na nikishakula, sitarudi nyumbani kwa njia ya maskani, nitapita njia ya sokoni." "Ikisaliwa alasiri, nitabaki msikitini robo saa nisome ukurasa mmoja." "Ikisaliwa isha, simu nitaiweka sebuleni." Haya ni madogo, na ndiyo uzuri wake. Sote tumefundishwa kwamba amali zipendezazo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile zenye kudumu, hata zikiwa chache.

Huchukua muda gani? Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijaribu kujenga zoea moja jipya, kama kunywa maji au kutembea baada ya chakula. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tendo likawa linajiendea lenyewe. Wepesi walikadiriwa siku 18, wazito hadi 254. Na wakaona jambo la faraja: kukosa siku moja hakukuharibu kitu, maadamu mtu alirejea kesho yake.

Hapa ndipo twaelewa kwa nini Ramadhani nyingi hupita na mtu akarudi pale pale. Mwezi una siku 29 au 30. Ni msingi bora kabisa, lakini kwa zoea zito bado ni nusu ya njia, tena kwa wengine mchana umefungwa huku usiku jani limeachwa huru baada ya tarawehe. Kisha Idi inakuja, na pili mosi maskani imejaa. Anayetaka kunufaika na autazame mwezi wa Shawwal kuwa ni sehemu ya pili ya chuo hicho hicho, na hata Dhulqaada. Pombe nayo, kama tujuavyo sote, haikuharamishwa kwa siku moja. Watu walipandishwa ngazi kwa ngazi mpaka nafsi zikawa tayari.

Ngazi za kuanzia

Kwa mwenye kutaka kushika njia leo, twapendekeza hatua hizi.

Kwanza, lengo moja tu, lililoandikwa. Si "nataka maisha mazuri". Ni "kufikia mwezi wa Rajabu niwe nimeweka shilingi 20,000 za kozi ya udereva". Chini yake andika kizuizi chako kwa jina lake bila ya kukiremba: "Kikao cha alasiri."

Pili, badilisha kabla ya kuondoa. Alasiri iliyoachwa tupu itajazwa na yule aliyeijaza jana. Weka kitu hapo: mpira wa miguu na vijana wa mtaa, darasa baada ya alasiri, kibarua cha saa mbili, kuwapeleka watoto pwani. Malipo ya mazungumzo na kicheko yawepo, ila kahawa tungu na kashata vichukue nafasi ya jani. Mababu zetu walijenga mabaraza mbele ya nyumba kabla ya muguka kushuka pwani, na hawakukosa mazungumzo.

Tatu, punguza kwa kipimo ikiwa kukata kabisa kumeshinda. Kutoka siku saba hadi nne, kutoka nne hadi mbili. Weka ukuta wa wakati: hapana jani kabla ya alasiri, hapana baada ya magharibi. Usingizi ukirudi, alfajiri itarudi, na alfajiri ikirudi siku nzima hufuata.

Nne, fedha ya jani isikae mfukoni. Siku ambayo hukununua, ile shilingi 100 iende mara hiyo hiyo kwenye kibubu, au kwa mama, au kwenye akaunti ya simu iliyofungwa. Mkono uione faida siku ile ile. Lengo la mwaka liko mbali. Kibubu kiko karibu.

Tano, jihesabu kila usiku kabla ya kulala. Wanavyuoni wetu huita muhasaba. Dakika tano: leo nimefanya nini, kipi kimeniangusha, kesho nitakwepaje. Usijipige, jihesabu. Mfanyabiashara akifunga duka hajitukani, huandika. Ukianguka siku moja, kumbuka kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ujue pia kwamba siku za mwanzo mwili utadai. Utasikia uchovu, usingizi mzito, ndoto za ajabu na ukali usio na sababu. Hupita. Lakini ikiwa mtu anasikia sauti zisizokuwepo, anamshuku kila mtu, au huzuni imemzidi mpaka anataja kifo, hilo si jambo la nasaha wala la kombe peke yake. Apelekwe kwa daktari bila ya kuona haya. Mombasa kuna huduma za ushauri na tiba za jumuiya kama MEWA, na NACADA ina laini ya simu isiyotozwa, namba 1192. Kutafuta tiba ni katika kumtegemea Mungu.

Nafasi ya jamaa

Ewe mama, ewe baba, ewe mke mwenye subira. Mtu habadiliki katika nyumba inayomkumbusha kila siku kwamba yeye ni yule yule. Akirudi mapema siku ya kwanza, asipokewe kwa "leo jua limetokea wapi?" Apokewe kwa chai. Neno moja la kejeli laweza kumrudisha maskani, ambako hakejeliwi. Hatusemi mke afiche dhuluma au avumilie kupigwa. Hapo na aende kwa wazee wake na kwa kadhi, na ni haki yake. Twasema pale penye jitihada, jitihada ionekane na isifiwe.

Kwa watoto wetu ambao hawajaanza, kinga ni nyepesi kuliko tiba. Mtoto asitumwe dukani kununua muguka wa mjomba. Kikao kisifanywe ukumbini mbele yao. Katika harusi zetu, tuache ile desturi ya kuwatengea vijana chumba cha kutafuna usiku kucha, kana kwamba bila ya jani ndoa haifungiki. Hata Wameru walioipeleka miraa katika posa zao waliwapa wazee, hawakuwapa watoto.

Na walimu wa madrasa, kamati za misikiti na wenye biashara: kijana aliyeacha anahitaji pa kwenda saa kumi jioni. Tukifungua maktaba ya msikiti, tukaweka darasa la kompyuta, tukampa mtu kibarua, tumemfungia kigingi. Tukimhutubia tu kisha tukafunga mlango wa msikiti baada ya swala, barabarani atamkuta nani?

Fundisho la mkulima

Tumalizie kule jani litokako. Wakulima wa Nyambene walikuwa na soko la Uingereza, likafungwa 2014. Wakategemea zaidi Somalia. Mwezi Machi 2020 nalo likafungwa, likaja kufunguliwa Julai 2022. Zao lililowalisha liligeuka kuwa zao lililowafunga, na wengi wakaona kwamba kusimama kwa mguu mmoja ni hatari. Katika Meru na Embu utaona leo makadamia, parachichi, kahawa na majani chai. Mche wa kahawa humtaka mkulima angoje miaka mitatu hivi kabla ya kuvuna chochote cha maana, na katika miaka hiyo hupalilia, hupogoa na hutia mbolea mti usiompa kitu. Hafanyi hivyo kwa sababu ana furaha kila asubuhi. Hufanya kwa sababu alishaamua, na kazi ya leo anaijua.

Muguka wenyewe hupogolewa ndipo uchipue. Huko Mbeere mkulima huukata bila ya huruma, kwa kuwa anajua kwamba mti ulioachwa ukue utakavyo hauleti jani zuri. Nafsi nayo ni hivyo. Basi ndugu yangu, kesho muadhini akiadhini alasiri, chukua saa moja tu irudi mikononi mwako. Kesho kutwa, nyingine.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu azma iliyo na subira, awape wakulima wa Meru na Embu riziki pana iliyo safi, azitulize nyumba zetu, na atujaalie tuwe watu wa kudumu katika mema machache kuliko kuota mengi. Amin. Wabillahi tawfiq.